Sigara kwanza, kilo baadaye

Hotuba ya muuguzi kwa madereva, bodaboda na wafanyabiashara wa eneo la stendi, Nanenane, Dodoma, katika Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, 31 Mei

Mbukwenyi! Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa madereva na wa bodaboda, wazee wangu, mama lishe na wenye magenge, makondakta, wapiga debe, makuli, vijana wangu: asanteni kwa kusimama. Najua kila dakika mnayonisikiliza kuna abiria anapita, kwa hiyo naingia kwenye jambo bila kuzunguka.

Sikuja kuwaambia kwamba sigara inaua. Hilo mnalijua, na limeandikwa kwenye pakiti. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka vinavyotokana na tumbaku, wakiwemo watu ambao hawajawahi kuvuta ila wanaishi na wanaovuta. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 2.6 wa nchi hii wanatumia tumbaku, yaani asilimia 8.7. Mimi nakutana nao kliniki, na wengi wao wananiambia neno hilo hilo: "Sista, nataka kuacha." Wengine wameshaacha, wakarudi. Nikiwauliza kilichowarudisha, majibu ni mawili. La kwanza ni arosto, yaani hamu kali na mateso ya mwili unapokosa sigara. La pili wanalisema kwa sauti ya chini, zamani kina mama, siku hizi hata madereva: "Nilipoacha nilianza kufura," yaani kunenepa. Nimeomba nafasi hii niyaseme haya mawili kwa kina, kwa sababu sisi watu wa afya tunawaambia watu waache, halafu siku ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, tunawaachia wapambane peke yao.

Tuanze na arosto.

Moshi ukiingia kifuani, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Hata sindano ya mshipa wa mkononi haiwahi hivyo. Ikifika, ubongo unaonja raha na unajifunza kuidai tena. Lakini nikotini haikai. Kila baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ndiyo maana mtu wa pakiti kwa siku anawasha kila baada ya muda mfupi, na ndiyo maana alfajiri, baada ya usiku mzima, mkono unatafuta kiberiti kabla ya maji ya kunawa uso. Jipime hapo. Ukiwasha ya kwanza ndani ya nusu saa tangu uamke, mwili wako umefungwa kweli, na utahitaji msaada mkubwa kuliko yule anayevuta jioni tu akiwa na wenzake.

Ukiacha, mwili unadai. Zinakuja hasira, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kizito, kushindwa kutulia, huzuni, njaa. Makali yanafika juu kabisa siku ya pili na ya tatu, halafu yanaanza kushuka, na kwa wengi baada ya wiki 2 hadi 4 sehemu kubwa imekwisha. Wapo wanaokohoa zaidi wiki za mwanzo, kwa sababu vile vinyweleo vidogo ndani ya njia ya hewa vilivyokuwa vimelemazwa na moshi vinaamka na kuanza kupandisha makohozi. Wapo wanaopata choo kigumu au vidonda vidogo mdomoni. Nayataja haya kwa makusudi, maana nimesikia mara nyingi: "Nilipoacha ndipo nikaumwa, bora nirudie." Usirudie, ndugu yangu. Kikohozi kikipita wiki mbili, au kikiwa na damu, njoo upimwe kifua kikuu, kwa sababu wavutaji wanaugua TB zaidi ya wasiovuta. Lakini usikitibu kikohozi kwa sigara.

Sasa nataka mfikirie jambo moja ambalo mimi naliona ndilo la msingi. Ndugu zetu Waislamu wanaovuta, wa hapa mjini na wa Kondoa, wanafunga Ramadhani. Saa 13 na zaidi hawali, hawanywi, hawavuti. Asubuhi wanaendesha, wanabeba mizigo, wanauza. Nimewauliza: hamu inakubana sana saa ngapi? Wengi hawaniambii saa nne asubuhi wala adhuhuri. Wananiambia ni pale jua linapoinama, uji unachemka, na ruhusa iko karibu. Mwaka 2010 watafiti wa Israeli walichapisha utafiti juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta. Waliwafuatilia kwenye safari fupi na safari ndefu, na wakakuta hamu inapanda ndege inapokaribia kutua, hata kama safari ilikuwa ya saa chache tu. Katikati ya safari ndefu, mtu akiwa amekaa muda mrefu zaidi bila sigara, hamu ilikuwa ndogo kuliko mwisho wa safari fupi.

Hata ninyi mnaopanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam mnalijua hili. Zaidi ya saa tatu umekaa kwenye kiti, umetulia, unaangalia milima ya Morogoro. Ukishuka tu, kabla hata ya kuchukua begi vizuri, unaulizia kibanda cha sigara.

Maana yake nini? Arosto ina vyanzo viwili. Kimoja ni mwili unaodai nikotini. Cha pili ni akili inayojua kwamba mlango uko wazi. Mlango ukifungwa kweli kweli, hamu inalegea. Ukiuacha nusu wazi, itakaa hapo kizingitini siku nzima. Kwa hiyo ile sigara moja ya akiba unayoiweka kwenye mfuko wa koti, au chini ya kiti cha pikipiki, "ya dharura", ndiyo inayokutesa. Itoe. Kipisi kilichobaki, kiberiti, kisahani cha majivu, vyote vitoke nyumbani siku moja.

Ndiyo maana pia nawashauri wengi wachague tarehe na kukata siku hiyo, badala ya kupunguza moja moja. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 uliwachukua watu 697, nusu wakakata ghafla, nusu wakapunguza kidogo kidogo kwa wiki mbili. Baada ya wiki 4, waliokata ghafla waliofanikiwa walikuwa asilimia 49, na waliopunguza asilimia 39. Anayeshindwa kukata ghafla apunguze, simkatazi, mradi awe na tarehe ya mwisho.

Na hamu yenyewe ikikukamata haikai saa nzima. Mara nyingi ni dakika 3 hadi 5, ikizidi sana ni 10. Ichukulie kama treni ya mizigo kwenye kivuko cha reli: ukikuta imekatiza hushuki kwenye pikipiki kwenda kuisukuma, unasubiri mabehewa yapite, kisha unaendelea na safari yako. Dakika hizo zipe kazi. Kunywa maji taratibu. Nyanyuka utembee mpaka mwisho wa stendi na kurudi. Mpigie simu mtu uliyemweleza kwamba umeacha. Weka mswaki wa mti mdomoni, maana mkono na mdomo navyo vina mazoea yao. Nimewaona wazee waliovuka kwa mswaki wa mti peke yake, nao ni wa bei nafuu kuliko pipi na hauna sukari.

Kijiwe ndicho kigumu. Pale wote wanawasha, na mwenzako kwa upendo kabisa anakwambia, "Chukua pafu moja." Sikwambii uwakimbie rafiki zako, kwa sababu hapo ndipo unapopata abiria na habari za mji. Nakwambia ukae upande upepo unakotoka, na uwatangazie wote siku ya kwanza: "Mimi nimeacha, msinipe hata nikiomba." Hilo la mwisho ni muhimu, maana siku ya tatu utaomba. Na vijana mnaobaki mnavuta, nawaomba kwa heshima, mkiombwa na mtu wa namna hiyo, mnyimeni.

Halafu kuna kahawa. Hili watu wengi hawajawahi kuambiwa. Moshi wa sigara unalifanya ini lichome kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vile vile ulivyozoea vinaweza kuacha kafeini mara mbili kwenye damu yako. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku hulali. Unasema ni arosto, kumbe sehemu yake ni kahawa. Basi tangu siku ya kwanza punguza kahawa kwa nusu, pamoja na vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo bodaboda mnavipenda. Pombe nayo iache kando mwezi wa kwanza. Watu wengi niliowahudumia walirudi kwenye sigara wakiwa na bia mkononi.

Sasa kilo.

Sitawaficha: wengi wanaoacha wanaongezeka. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2012 zilionyesha wastani wa kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka wa kwanza, kwa walioacha bila dawa, na sehemu kubwa ya kilo hizo huingia miezi 3 ya mwanzo. Huo ni wastani. Takriban mtu mmoja kati ya sita alipungua, na takriban mmoja kati ya nane aliongezeka zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo usimwangalie jirani yako aliyefura ukadhani na wewe lazima.

Kwa nini inatokea? Nikotini inakata njaa, na inaulazimisha mwili uunguze chakula zaidi ya kawaida. Kwa mtu wa pakiti nzima, tofauti ni takriban kalori 200 kwa siku, kiasi ambacho andazi moja kubwa linaweza kukifikia. Ukiacha, njaa inarudi, mwili unapunguza mwendo, na ulimi unaanza kuonja tena. Mtu aliyekula ugali na mlenda miaka yote bila kuhisi ladha, ghafla anaona mlenda mtamu kupita kiasi. Na ule mkono uliozoea kwenda mdomoni kila mara unatafuta kitu cha kupeleka.

Kwetu hapa mtu akiongezeka anasifiwa. "Umenawiri, umependeza." Wapo walioniambia sifa hizo ziliwasaidia wasirudi, na mimi nafurahi. Lakini wapo wengine, na wengi ni kina dada wanaovuta kwa kujificha kwa sababu ya maneno ya watu, ambao sigara imekuwa dawa yao ya kubaki wembamba. Kwao nasema hivi: wembamba wa sigara unadanganya. Wavutaji wengi wana mikono na miguu myembamba, lakini mafuta yanakusanyika tumboni, na hayo ya tumboni ndiyo mabaya. Mvutaji ana hatari ya kupata kisukari cha ukubwani kwa asilimia 30 hadi 40 zaidi ya asiyevuta.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia walioacha kwa miaka mingi, ukawagawa kwa kilo walizoongeza. Walioongezeka sana, hatari yao ya kisukari ilipanda kwa miaka michache ya mwanzo kisha ikashuka. Lakini vifo vya moyo na vifo kwa jumla vilipungua kwa wote walioacha, hata kwa walioongezeka zaidi ya kilo 10. Hakuna kundi ambalo lingekuwa salama zaidi kama lingeendelea kuvuta. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo ni kama nusu ya ile ya anayevuta. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni kama nusu.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: sigara kwanza, kilo baadaye. Usianze kujinyima chakula wiki ile ile unayoacha kuvuta. Njaa na hamu ya sigara zinafanana sana tumboni, na mtu mwenye njaa hawezi kuzitofautisha. Dereva anayeondoka saa kumi na moja alfajiri bila kula, akapitiliza mchana, akafika usiku na kuagiza chipsi mayai na soda, huyo atavuta, na kama hatavuta atanenepa. Kula asubuhi. Uji wa uwele au wa ulezi usio na sukari nyingi unakaa tumboni kuliko chai na andazi. Mchana mwambie mama lishe aongeze mboga na maharage, apunguze wali.

Cha kutafuna katikati tuwe waangalifu. Karanga za hapa kwetu ni nzuri na nazipenda, lakini kikombe kizima cha karanga kinapita kalori 800. Kiganja kimoja kinatosha. Zabibu zetu za Dodoma, gramu 100 zina kalori kama 70 tu, basi msimu ukifika zitumieni, msiwaachie wageni wanaobeba kwenye boksi. Tango, karoti na nyanya ziko kwenye magenge mwaka mzima. Ubuyu chagua ule mweupe, usiopakwa sukari na rangi. Soda ndiyo adui aliyefichika: chupa moja ina sukari ya vijiko vidogo 8 hadi 9. Mtu anayebadilisha sigara kumi kwa soda mbili asishangae suruali ikikataa.

Na mwendo. Ninyi mnaoendesha mnakaa siku nzima. Kutembea kwa kasi dakika 40 hadi 50 kunaweza kufidia zile kalori 200, na kunapunguza hamu papo hapo, hata kwa dakika chache. Kuli anayebeba mizigo hana haja na ushauri huu, ila dereva anao uhitaji mkubwa.

Dawa zipo. Shirika la Afya Duniani liliingiza jojo na bandiko za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini. Jojo au bandiko hupunguza arosto, na kwa wengi huchelewesha kilo kuingia wakati wa kuzitumia. Muulize mfamasia au daktari, hasa ukiwa wa wale wa sigara ya alfajiri. Vidonge vinahitaji cheti cha daktari. Jojo ya nikotini haitafunwi kama jojo ya dukani: unaitafuna polepole mpaka uhisi inawasha, unaiweka kati ya shavu na fizi, ikitulia unatafuna tena, na usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla. Ukikosa dawa hizo au bei ikikushinda, bado unaweza kuacha, wengi duniani wameacha bila dawa. Ila ugoro na shisha visihesabiwe kuwa ni njia ya kuacha. Ni tumbaku ile ile.

Neno kwa wenye maradhi. Anayetumia insulini, na anayetumia dawa za magonjwa ya akili, tuna wagonjwa wengi wanaohudumiwa hapa hospitali ya Mirembe, amweleze daktari kabla ya kuacha. Moshi unaondoa baadhi ya dawa hizo mwilini haraka, hivyo ukiacha, kipimo kile kile kinaweza kuwa kikubwa mno. Asipunguze dawa mwenyewe.

Na ukiteleza ukavuta moja, hujarudi mwanzo. Tupa pakiti iliyobaki siku hiyo hiyo, jiulize ulikuwa wapi na nani, na kesho uendelee. Wengi wa walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja.

Baada ya maneno hayo nilipokea maswali, na nitaandika moja. Mama mmoja mwenye genge aliuliza: "Sista, mume wangu ameacha wiki hii, ila nyumba haikaliki. Nimwambie avute tu tupate amani?"

Nilimjibu: Hapana, mama. Hasira hizo zina tarehe ya kwisha. Wiki ya kwanza usianzishe mazungumzo ya ada na kodi usiku, kama yanaweza kusubiri. Usimtanie kitambi. Mpe kazi za mkono. Watoto waambie baba anapambana na kitu, wasimkaribie na kelele akiwa ameinama. Na usimhesabie kila siku kama askari, muulize mara moja jioni, kisha mwache. Wapo watu wanaosema sigara inapunguza mawazo. Tafiti zinaonyesha kwamba wiki chache baada ya kuacha, walioacha wana wasiwasi na huzuni kidogo kuliko walivyokuwa wakivuta. Utamwona mwenyewe.

Kisha nikafunga kwa kuwaambia wote: Meza yetu iko chini ya ule mwarobaini, karibu na geti la mabasi ya Singida. Tunapima presha, sukari na uzito, bila malipo, mpaka saa kumi. Anayetaka kuacha aandikishe tarehe yake, tumpime uzito leo, na tumzungushie kiuno futi ya fundi cherehani. Mwanaume akipita sentimita 94, au mwanamke 80, tutaongea naye zaidi. Arudi tumpime tena baada ya miezi 3. Mabasi ya saa tano yanajaza sasa hivi, basi madereva wa saa tano watangulie kwenye foleni, wengine tuwapishe.